Kutoka ziwa mpaka kopo: miezi ya hatari katika historia ya Kasongo na Kabambare

Juma hili tuache kidogo mambo ya vita na machifu. Najua, ukiandika historia ya Kasongo huwezi kumkwepa Tippu Tip, naye atapita hapa pia. Lakini leo nataka tuongee juu ya kitu kidogo ambacho kila mmoja wetu alipitia na hakuna hata mmoja anayekikumbuka: siku zile ambazo mutoto anaacha ziwa la mama na kujifunza kunywa kwa kopo la wakubwa.

Wengine mtacheka. Mtasema, hiyo ni habari ya wamama, tena ni habari ya jikoni, historia iko wapi? Ngojeni. Serikali ya kikoloni iliunda mashirika kwa ajili ya jambo hili. Viwanda vya Ulaya vilipata mali nyingi kwa ajili yake. Mwaka 1981 mataifa ya dunia nzima yalikaa Geneva na kulipigia kura. Na sisi watu wa Kasongo tumo katika vitabu vya udaktari vya dunia kwa sababu ya watoto wa umri huo huo. Sasa niambie kama hiyo si historia.

Tuanze na lugha. Kiswahili kina vitenzi viwili vinavyofanana kama ndugu: kunyonya na kunywa. Kati ya hivyo viwili kuna safari nzima ya mutoto. Halafu kuna jina moja lenye maana mbili: ziwa ni la mama, wingi wake maziwa, na maziwa ndiyo hayo hayo yanayonyweka. Kwa mtu wa Maniema ya zamani hapakuwa na sababu ya kuvitenganisha. Ng'ombe hatukuwa nao. Mbung'o wa misitu na mabonde yetu hawakuwaruhusu. Mbuzi walikuwepo, lakini hawakukamuliwa. Kwa hiyo neno maziwa kwa Mbangubangu wa Kabambare au Mkusu wa Kasongo lilikuwa na chanzo kimoja tu, kifua cha mama. Mutoto akiacha kunyonya, alikuwa ameachana na maziwa kabisa. Kilichobaki ni maji, uji, mchuzi, na siku za sherehe ncha ya kidole iliyochovywa katika pombe ya mzee.

Hilo lielewe vizuri, maana wageni wengi waliokuja baadaye hawakulielewa. Kwa mchungaji wa Ankole au Mmasai, kumwachisha mutoto ni kumhamisha kutoka maziwa ya mama kwenda maziwa ya ng'ombe. Kwetu hapakuwa na daraja hilo. Ndiyo maana wazee wetu hawakuwa na haraka. Mutoto alinyonya miaka miwili, hata mitatu, na katika muda huo baba na mama hawakulala pamoja, au walipaswa kutolala pamoja. Uislamu ulipoingia haukubomoa desturi hiyo: Kurani yenyewe inataja miaka miwili kamili kwa anayetaka kutimiza kunyonyesha. Miaka miwili ya Kurani ikakaa juu ya miaka miwili au mitatu ya wazee bila kugongana sana.

Kunywa kulifundishwa polepole, katikati ya miezi hiyo mingi, ziwa likiwa bado lipo. Kwanza kiganja: mama anakunja mkono kama kijiko, anaweka maji kidogo, mutoto ananyonyesha midomo. Kiisha kipande cha kibuyu, kilichokatwa na kulainishwa mdomo wake. Kiisha chombo cha wakubwa wenyewe, mkubwa akishika chini na mutoto akishika pembeni, nusu ndani nusu kifuani. Hapakuwa na chombo cha watoto. Fikiria hapo. Vyombo vya pekee vya kunyweshea watoto ni vya kale sana duniani: huko Bavaria, Ujerumani, wachimbuaji wamekuta katika makaburi ya watoto vikombe vidogo vya udongo vyenye mdomo wa kunyonyea, vya miaka elfu kadhaa, na mwaka 2019 wataalamu walichapisha kwamba ndani yake mlikuwa na mabaki ya maziwa ya wanyama. Penye mnyama wa kukamuliwa, chombo cha kunyonyea kina kazi. Kwetu kingefanya kazi gani?

Sasa makopo yenyewe. Hapa ndipo Tippu Tip anapita. Hamed bin Muhammed alifika Kasongo katikati ya miaka ya 1870, na mji ulikua kuwa mkuu kuliko Nyangwe. Mpunga ulienea, michungwa na miembe ikapandwa, na pamoja na bunduki na nguo vikaja vyombo vya pwani. Angalia maneno tunayotumia mpaka leo. Kikombe ni chetu wenyewe, Kibantu safi. Bilauri limetoka kwa Waarabu, jina la kioo kizuri. Kopo, wengi wa wataalamu wa lugha wanalitoa kwa Wareno. Gobele tumepewa na Wabelgiji. Ukimwambia mutoto leo « leta kopo », umeita karne kadhaa za biashara kwa neno moja.

Tarehe 22 Aprili 1893 majeshi ya Dhanis yaliingia Kasongo ghafla, wenyeji wakakimbia wakiacha kila kitu mahali pake. Daktari Mwingereza aliyekuwa pamoja nao, Sidney Hinde, aliandika kitabu juu ya vita hivyo, kilichotoka mwaka 1897. Anasimulia mshangao wao: askari wa kawaida walilala juu ya magodoro ya hariri, ghala zilijaa mchele na mahindi na kahawa, mabustani yalijaa machungwa, mapera na makomamanga, na ndani ya nyumba kulikuwa na mishumaa, sukari, viberiti, pia vikombe vya fedha na vya kioo tele, ambavyo maafisa wenyewe walikuwa karibu wamesahau matumizi yake. Mzungu anatoka Ulaya kuja « kustaarabisha », anakuta bilauri Kasongo! Mimi huwa nacheka nikifika hapo.

Lakini kicheko kiwe kifupi. Bilauri zile zililipwa kwa pembe za ndovu na kwa watu. Tarehe 15 Julai 1871, Livingstone akiwa Nyangwe, aliona kwa macho yake watu wakipigwa risasi sokoni, wengi wao wamama waliokuja kuuza na kununua, na mamia wakafa, wengine kwa kuzama mtoni. Katika misafara iliyopita Kabambare kuelekea Ujiji na pwani, mama mwenye mutoto mgongoni na mzigo kichwani alikuwa na hesabu moja ngumu kuliko zote. Ziwa likikauka njiani kwa njaa, hapakuwa na kikombe cha fedha cha kumsaidia. Tunapojivunia ustaarabu wa Kasongo ya zamani, na tuna haki ya kujivunia, hesabu hiyo iwekwe mezani pia. Kabambare nayo ilianguka Januari 1894, na mlango mwingine ukafunguka.

Mlango huo ni wa Wabelgiji, nao walikuja na hofu ya ajabu: hofu kwamba watu wanaisha. Magonjwa ya malale, kazi ya kulazimishwa, mpira na pembe vilikuwa vimepunguza watu kweli. Lakini badala ya kutazama upande huo peke yake, wengi kati ya maafisa, madaktari na wamisionari walitazama kifua cha mama. Walifanya hesabu hivi: mama ananyonyesha miaka mitatu, hazai miaka mitatu. Akiachisha mapema, atazaa haraka. Akizaa haraka, kutakuwa na vibarua wa mashamba, wa reli, wa migodi. Mwaka 1912 ikaundwa ligi ya kulinda utoto wa watu weusi katika Kongo ya Kibelgiji. Ikachukua mfano kutoka Ufaransa: mwaka 1894, mji wa Fécamp, daktari Léon Dufour alikuwa amefungua kazi iliyoitwa « Tone la Maziwa », ambapo wamama masikini walipewa chupa za maziwa ya ng'ombe yaliyochemshwa, na watoto wakapimwa kila juma. Kule Ufaransa kazi hiyo ilikuwa na sababu nzuri, kwa maana wamama wa viwandani walikuwa tayari wanatumia chupa, tena chupa mbaya.

Nisimame hapo kidogo, maana habari ya chupa mbaya inafaa ijulikane. Katika karne ya 19 Ulaya ilipenda chupa ya kioo yenye mpira mrefu. Mutoto aliwekwa kitandani peke yake na mpira mdomoni, mama akaenda kazini. Ndani ya mpira ule hapakuwezekana kusafishwa. Maziwa yaligandamana, wadudu wakazaana, watoto wakafa kwa kuhara. Waingereza walifikia kuziita chupa za uuaji. Ufaransa ilizipiga marufuku kwa sheria mwaka 1910. Kwa hiyo mwaka 1912, ile ligi ilipoanza kufikiria watoto wa Kongo, Ulaya yenyewe ilikuwa imetoka tu kuzika watoto wengi kwa sababu ya bibero. Somo lilikuwepo, bado bichi.

Mwanahistoria Nancy Rose Hunt aliandika mwaka 1988 makala ndefu juu ya mambo haya katika Kongo ya Kibelgiji: wamama wa Kizungu waliopima watoto, maziwa na sabuni vilivyogawiwa, mahubiri juu ya kuachisha mapema. Ukisoma unaona kitu cha kuudhi: wale wale waliosema wanamlinda mutoto walikuwa wanahesabu kibarua. Na katika kambi za Union Minière huko Katanga, kuanzia mwisho wa miaka ya 1920, kampuni ilipoamua kuwaweka wafanyakazi pamoja na jamaa zao badala ya kuwarudisha kijijini kila mara, kulisha mutoto kukawa sehemu ya kazi. Mama aliitwa kwenye kilo, mutoto akapewa uji wake, na yote yakaandikwa. Watu wa Maniema waliofanya kazi Katanga walirudi kwao wakiwa wameona hayo. Mjini pia, katika fuaye sosiali ambako wake za maevolue walifundishwa kushona, kupika na kuogesha, chombo cha mutoto kilikuwa alama: nyumba iliyostaarabika ina meza, ina kitambaa cha meza, na mutoto wao ana kikombe chake.

Haki iwe haki. Kupima watoto kuliokoa wengi, na wamama wa Kongo si wajinga, walichukua kilichofaa na kuacha kingine. Vijijini, Kabambare hasa, maziwa ya ng'ombe yangetoka wapi? Ziwa likaendelea na kazi yake, na mazungumzo ya kuachisha mapema yakabaki ya mjini.

Na sayansi yenyewe ilirudi kuwapa wazee haki yao. Katika miaka ya 1970, watafiti waliofanya kazi Kivu, jirani zetu kabisa, walipima damu ya wamama wanaonyonyesha. Mwaka 1977 kundi la Delvoye lilichapisha kwamba mama anayenyonyesha zaidi ya mara sita kwa siku, mwili wake unaendelea kutoa kwa wingi homoni inayoitwa prolaktini kwa muda wa zaidi ya mwaka, na homoni hiyo inachelewesha mimba. Yaani ziwa lenyewe lilikuwa linapanga uzazi, hata bila kutenga vitanda. Wabelgiji wa 1912 walikuwa wamegundua jambo la kweli, kwamba kunyonyesha kunatenga watoto, lakini wakalichukua kama ugonjwa wa kutibu.

Kwa nini kutenga watoto ni jambo la kufa na kupona? Jibu liko katika neno tunalolijua wote: bwaki. Mutoto anavimba miguu na uso, nywele zinakuwa nyekundu, ananuna, hataki kula. Daktari Cicely Williams alipouandika ugonjwa huo mwaka 1933 akiwa Gold Coast, Ghana ya leo, aliulizia wamama wa Kiga wanauitaje. Wakamwambia jina lenye maana ya ugonjwa wa mutoto anayepokonywa nafasi mwingine akizaliwa. Kwashioko ndilo neno hilo. Wale wamama walikuwa wamefanya uchunguzi kabla ya daktari. Mutoto aliyetolewa ziwani kabla hajajua kunywa na kula vizuri, akapewa maji ya muhogo tu, huyo ndiye anayevimba. Kwetu penye muhogo mwingi, jambo hilo si la vitabuni.

Sasa tufike nyumbani kabisa, na hapa nawaomba wanafunzi wa udaktari na wa historia mkae vizuri. Baada ya uhuru, baada ya uasi wa Simba uliochukua Kindu Julai 1964 na kuharibu mengi Maniema, kazi za afya zilikuwa zimebaki mifupa. Mwaka 1971 ukaanza mradi wa Kasongo, ushirikiano na Chuo cha Tiba za Tropiki cha Antwerp. Wazo lake leo linaonekana la kawaida, kwa sababu limeshinda: badala ya hospitali moja kubwa na misafara inayopita mara moja kwa mwaka, weka vituo vidogo vya afya karibu na watu, kila kimoja na enfirmie anayewajua, na hospitali iwe nyuma yao kupokea wagonjwa wazito. Zaire ilipogawanywa katika miaka ya 1980 kuwa zoni za afya, 306 kwa hesabu ya wakati ule, Kasongo ilikuwa kati ya mifano iliyotazamwa.

Kundi la Kasongo halikutibu tu. Liliandika. Mwaka 1981, gazeti la madaktari la Uingereza, The Lancet, lilichapisha makala yao juu ya chanjo ya surua na uhai wa watoto wa Kasongo. Watoto wa umri gani? Wa miezi 7 mpaka 35.

Rudieni namba hizo. Miezi 7 mpaka 35 ndiyo safari yetu, tangu mutoto anapoonja maji ya kwanza katika kiganja mpaka anapojishikia kopo mwenyewe. Hawakuichagua kwa ajili ya kopo, waliichagua kwa ajili ya surua. Lakini umri ni ule ule, maana hatari zote zinakutana hapo: kinga aliyopewa na mama tumboni imekwisha, ziwa halitoshi tena peke yake, maji ya kisima yanaingia tumboni, na mutoto anatambaa akiokota kila kitu.

Swali lao lilikuwa kali. Mutoto akiokolewa na surua, je, anaishi kweli, au kifo kinamngoja mbele kwa jina lingine, kuhara, nimonia, utapiamlo? Waliona kwamba faida ya chanjo ilikuwepo, lakini kadiri watoto walivyoendelea kukua ilielekea kupungua. Makala hiyo ilizusha ubishi mkubwa. Peter Aaby, aliyefanya utafiti Guinea-Bissau, alitumia miaka mingi kuonyesha kinyume, kwamba chanjo ya surua inaokoa hata zaidi ya ilivyotarajiwa. Leo hoja yake ndiyo yenye nguvu zaidi. Lakini swali la Kasongo halikuwa la kijinga hata kidogo. Linasema: usiniambie umemwokoa mutoto kama hujaangalia anakunywa nini kesho yake.

Mwaka 1986 kundi hilo hilo likachapisha katika jarida la Shirika la Afya Duniani makala mbili juu ya watoto wa chini ya miaka mitano ambao kilo zao zinapunguza mwendo wa kupanda. Kila mtu wakati ule aliamini kwamba ile karatasi ya kilo, yenye mstari unaopanda, itatuambia mapema nani yuko hatarini. Kasongo ikajibu kwa heshima: mstari ukilegea, hilo peke yake halitabiri vizuri nani atakufa. Surua, kuhara, msimu, vyote vinalegeza mstari, na wengi wanarudi juu wenyewe. Kwa enfirmie aliye na watoto mia wakilia foleni siku ya kilo, hilo si jambo dogo. Maana yake ni kwamba kumwandikia mama alama nyekundu hakutoshi, inabidi umuulize mambo. Anakula nini, ananyonya bado, na maji yake anakunywea wapi.

Wakati huo huo, nje ya Maniema, bibero ilikuwa imerudi kwa mlango mwingine. Si tena serikali iliyoileta, ni duka. Henri Nestlé alikuwa ameuza unga wake wa maziwa Uswisi tangu 1867, na baada ya vita vya pili vya dunia kampuni nyingi zilielekea Afrika, Asia na Amerika ya Kusini. Kampala, daktari Derrick Jelliffe aliwaona watoto wa mjini wakikonda kwa maziwa yaliyopunguzwa kwa maji machafu, kopo moja la unga likinyooshwa juma zima kwa sababu ya bei. Hospitali ya Mulago ikafungua mwaka 1965 kituo cha Mwanamugimu, ambapo mama hakupewa dawa kwanza, alifundishwa kupika vyakula vya sokoni kwake. Na ushauri uliokaa tangu enzi hizo ni mwepisi: mutoto asipoweza kunyonya, mpe kwa kikombe na kijiko, si kwa chupa yenye chuchu.

Kwa nini kikombe? Kwa sababu kikombe hakina kona. Kinaoshwa kwa vidole viwili na sabuni, kinakauka juani kwa dakika chache. Chuchu ya mpira inahitaji brashi, sufuria ya kuchemshia, na kuni za kuchemshia kila siku mara sita. Hata mutoto aliyezaliwa kabla ya wakati anaweza kulamba maziwa kwenye ukingo wa kikombe kidogo. Wa miezi sita ananywa ukimshikia. Wa mwaka mmoja anashika kwa mikono miwili na kumwaga nusu. Kufika miaka miwili, wengi wanajiweza. Madaktari wa watoto wa Marekani, kwenye nchi ya bibero, nao wanawaambia wamama waiondoe kati ya miezi 12 na 18 na kumzoesha mutoto kikombe tangu miezi sita hivi. Kile kipande cha kibuyu cha bibi wa Kabambare, mtu akikiandikia leo katika lugha ya chuo, kingepata alama nzuri.

Ubishi wa bibero ulifika kilele chake: mwaka 1974 kikatoka Uingereza kijitabu kilichoshtaki biashara ya maziwa ya unga, 1977 Wamarekani wakaanza kususia bidhaa za Nestlé, na Mei 1981 mkutano wa Shirika la Afya Duniani ukapitisha kanuni ya kuzuia matangazo ya maziwa ya unga kwa watoto. Kura 118 zilikubali. Moja ilikataa, ya Marekani.

Na sisi leo? Tuseme ukweli. Bibero imefika Kasongo, na mara nyingi aliyeileta ni mmoja wetu. Ndugu amesoma Kinshasa au Bukavu, amepata kazi Goma, dada yake amezaa kijijini, anatuma zawadi: nguo, sabuni, kopo la Nido na bibero mbili za rangi. Nia ni nzuri. Lakini yule dada anachota maji mtoni au kwenye chemchemi isiyotengenezwa, na Nido wala haikutengenezwa kwa ajili ya mutoto mchanga. Kopo likiisha baada ya majuma mawili, bibero inabaki, na ndani yake sasa yanaingia maji ya sukari au chai. Uliyemtumia uko Goma, huoni.

Jambo linalonisumbua zaidi ya bibero, hata hivyo, ni maji ya mapema. Utafiti wa taifa wa 2013-2014 ulionyesha kwamba katika nchi yetu karibu nusu tu ya watoto wa chini ya miezi sita wananyonya bila kupewa kitu kingine. Wengine wote wameonjeshwa kitu, na mara nyingi ni maji matupu, kwa sababu kuna joto, kwa sababu bibi amesema mutoto ana kiu. Hapo mimi sikubaliani na bibi. Mpangilio wake wa kiganja, kibuyu na kopo ni mzuri kabisa, ila uanze baada ya mwezi wa sita. Kabla ya hapo ziwa lina maji ya kutosha, hata kiangazi.

Halafu kuna chupa za wakubwa. Mutoto wa miezi 18 anataka kile baba anachokunywa, si kingine. Wazee wanasema akililia wembe mpe, lakini wazee hao hawakuwa na chupa za Primus na za maji ya plastiki zilizojaa petroli. Namoya na Salamabila, palipo na dhahabu na wachimbaji wengi, na sokoni Kasongo vilevile, petroli ya taa na lutuku vinapimwa katika chupa zile zile za vinywaji. Lutuku ni nyeupe kama maji. Petroli nayo inakaribia. Mutoto aliyejifunza jana tu kuinua chupa kwa mikono miwili hana namna ya kujua. Akimeza petroli, msimtapishe. Mafuta yakipanda tena yanaingia mapafuni, na hapo ndipo yanapoua. Apelekwe kituo cha afya mbio, pamoja na chupa yenyewe ili enfirmie aone. Na chupa ya petroli ikae juu ya ukuta au darini, iwe kidumu cha rangi kisichofanana na cha kunywea.

Nimalizie na ninyi mnaotafuta somo la memwari. Watoto waliopimwa Kasongo katika miaka ya kwanza ya mradi, wale wa miezi 7 mpaka 35, leo wamefika miaka hamsini. Ni akina baba na mama, wengi wameitwa babu na bibi. Mama zao waliobaki wana miaka sabini, themanini. Hao ndio waliobeba karatasi za kilo mkononi, wakasikiliza enfirmie upande mmoja na mama mkwe upande mwingine, wakaamua wenyewe siku ya kumpa mutoto kopo. Ukienda kuwauliza, peleka sabuni na sukari, kaa chini kwenye mkeka, na usianze na fomu ya maswali. Anza kwa kuwauliza kila mmoja alimnywesha mutoto wake wa kwanza kwa kitu gani.